Dawa ya maumivu kwa mbwa na paka: jinsi ya kuipima na kuitoa nyumbani

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kumpeleka mnyama kwa daktari wa mifugo, akarudi nyumbani na chupa ya meloksikamu, dawa ya maji ambayo wengi huandikiwa. Kama bado hujaenda, nenda kwanza.

Hatua ya 1: Usiguse dawa za watu

Parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja inavyotakiwa, damu inashindwa kubeba oksijeni na fizi hugeuka kahawia. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inatosha kumuua. Ibuprofeni nayo hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Akishakula, usingoje dalili, mkimbize kwa daktari.

Hatua ya 2: Mpime uzito

Panda naye kwenye mizani, kisha panda peke yako, utoe. Paka mtafutie mizani ya watoto wachanga. Hii ya kupanda haina umakini wa kutosha kwake.

Hatua ya 3: Vuta dawa

Hapa ndipo watu wanapoharibu, tena watu makini kabisa.

Soma lebo kabla ya kufungua chupa. Meloksikamu ya mbwa kwa kawaida ina miligramu 1.5 katika kila mililita; ya paka ina 0.5. Chupa zinafanana, dawa ni ileile, lakini moja ina nguvu mara tatu. Tuseme paka wa kilo 4 ameandikiwa miligramu 0.05 kwa kila kilo. Hiyo ni miligramu 0.2, yaani mililita 0.4 za chupa yake. Ukivuta mililita 0.4 hizohizo kutoka chupa ya mbwa, umempa miligramu 0.6, na figo za paka hazivumilii mchezo huo.

Halafu kuna bomba la sindano linalokuja ndani ya boksi. Mara nyingi vistari vyake havionyeshi mililita bali kilo za mwili wa mnyama. Daktari akiandika "mililita 1" nawe ukavuta hadi palipoandikwa 1, umempa dozi ya mnyama wa kilo moja. Mbwa atachechemea vilevile, utasema dawa haifanyi kazi. Kosa la kinyume ni baya zaidi: kuambiwa "kilo 4" ukavuta mililita 4 kwa bomba jingine.

Mimi bomba la kilo silipendi, hasa kwenye nyumba yenye mbwa na paka. Nunua bomba la mililita 1, ng'oa sindano, mwambie daktari aandike dozi kwa mililita, kisha weka alama ya kalamu isiyofutika pale pa kuishia. Tikisa chupa, vuta taratibu, gonga povu litoke. Kwenye dozi ndogo ya paka, povu ni sehemu kubwa ya dawa. Siku ya kwanza daktari huweza kuandika dozi maradufu ya kawaida. Ni siku hiyo tu.

Hatua ya 4: Mpe na chakula

Asiyekula, asiyekunywa au anayetapika hapewi. Mpigie daktari.

Hatua ya 5: Mwangalie

Paka mwenye maumivu mara nyingi halii. Tazama masikio yaliyolala pembeni, macho yaliyofinywa, kichwa kilichoshuka chini ya mabega. Mbwa tazama anavyoinuka.

Simamisha dawa ukiona kutapika, kinyesi cheusi kama lami, kiu isiyo ya kawaida au fizi za njano. Usichanganye meloksikamu na prednisoloni, ambayo ni steroidi, wala na dawa nyingine ya maumivu ya aina ya meloksikamu, hata kama iliachwa jana. Daktari ndiye atakayepanga siku za kupumzisha mwili katikati. Kwa maumivu ya viungo vya mbwa mzee, tramadoli mimi siitegemei: mwili wa mbwa huigeuza kidogo mno kuwa kile kinachotuliza.

Ukisahau dozi ya leo, iache. Kesho mpe ya kesho, moja.