Mbwa au paka aliyeng'olewa meno: namna ya kumtunza nyumbani wiki mbili za kwanza

Mbwa aliyeng'olewa magego huweza kuanza kuomba chakula kesho yake, na hapo ndipo wengi hulegeza uangalizi. Kula si kipimo cha kupona. Mnyama hula hata akiwa na maumivu, na nyuzi za fizi zikiachia, mara nyingi huwa kuanzia siku ya tatu, wakati nyumba nzima imeshasahau kwamba kuna mgonjwa.

Kabla hujaondoka kliniki, muulize daktari mambo matatu: ni meno gani yametolewa, nyuzi ni za kuyeyuka au za kutolewa, na sindano ya mwisho ya maumivu imechomwa saa ngapi. Hilo la mwisho watu hawaliulizi, nalo ndilo linaloleta balaa. Sindano nyingi za aina hiyo hufanya kazi kwa saa 24. Ukimnywesha dawa ya maji jioni hiyohiyo, umempa dozi mbili kwa siku moja, na zinazoumia ni figo na tumbo.

Usiku wa kwanza asilale kwenye saruji tupu. Dawa ya usingizi hushusha joto la mwili, kwa hiyo mtandikie blanketi au magunia makavu, mahali pasipo na ngazi. Paka asipate nafasi ya kupanda kabati. Anaweza kuruka akakosa. Mbwa wa ulinzi asifunguliwe usiku huo. Akishasimama bila kuyumba, mpe maji kidogo, kisha robo ya chakula chake cha kawaida. Kutapika mara moja si ajabu. Kikohozi chepesi cha siku moja au mbili hutokana na mpira wa hewa aliowekewa kooni. Mate yenye rangi ya waridi kwa siku mbili nayo hayatishi. Damu nyekundu inayodondoka bila kukoma ni jambo jingine: weka kitambaa cha maji baridi shavuni, kwa nje, dakika tano, huku ukimpigia daktari.

Chakula kiwe laini kwa siku 10 hadi 14. Kile kikavu cha dukani kiloweke kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya maji vuguvugu, nusu saa, kisha kiponde kwa uma mpaka isibaki punje ngumu. Kwa mbwa wa ugali, pika dona laini kama uji mzito, uchanganye na nyama ya kusaga iliyochemshwa bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu. Dagaa wakavu waache kwanza; vichwa na miba yao hunasa kwenye nyuzi. Maziwa wanayopewa wagonjwa kwa huruma huishia kuwaharisha wengi. Gawa chakula cha siku katika milo mitatu au minne, kwenye sahani bapa. Mifupa, mipira ya kutafuna na mchezo wa kuvutana kitambaa ni marufuku, na mlinzi, watoto na msaidizi wa nyumbani wote waambiwe. Mfupa mmoja wa kuku uliotupwa uani unatosha kufumua kazi yote.

Dawa za binadamu usizijaribu. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka: damu hushindwa kubeba oksijeni, fizi zikageuka kahawia au bluu. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo na kuharibu figo. Hata dawa ya mnyama iangalie chupa: meloksikamu (dawa ya maumivu) ya maji ya mbwa kwa kawaida ina miligramu 1.5 kwa mililita, ya paka 0.5, yaani ya mbwa ni kali mara tatu. Mpe pamoja na chakula. Akitapika tena na tena au akitoa kinyesi cheusi kama lami, simamisha dawa umpigie daktari. Paka anayepewa kidonge cha doksisaiklini (dawa ya kuua bakteria) anyweshwe mililita 5 za maji kwa sirinji isiyo na sindano mara baada ya kumeza, la sivyo kidonge hukwama na kuchoma koo.

Usimsukutue kwa maji ya chumvi. Mnyama hajui kutema, atayameza yote. Kama daktari ametoa dawa ya kuoshea mdomo, tumia hiyo tu. Anayejikwaruza uso kwa kucha avishwe kola ya plastiki.

Kagua mara moja kwa siku, mchana au kwa tochi ya simu. Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, usimtanue taya. Utando mwembamba mweupe juu ya kidonda ni wa kawaida, usiukwangue. Shimo, harufu ya kuoza, usaha au uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu havisubiri. Aliyetolewa chonge la juu akianza kupiga chafya au kutoa maji au chakula puani upande huo, kuna tundu kati ya mdomo na pua, na haliponi kwa vidonge. Mbwa mdogo ambaye taya lake la chini limepinda ghafla huenda limevunjika. Na paka asiyekula kabisa kwa saa 24 arudishwe, hasa akiwa mnene, kwa kuwa ini lake huanza kujaa mafuta.

Ukaguzi wa kliniki ni kati ya siku ya 10 na ya 14. Uzi wa kuyeyuka unaweza kuning'inia wiki tatu au nne, usiuvute. Daktari akiridhika, punguza maji ya kuloweka kidogo kidogo mpaka arudie chakula kikavu. Kama jino lilivunjika kwa sababu mbwa hutafuna mnyororo au nondo za banda, mtafutie kamba ya kitambaa na muda wa kutoka bandani, maana meno yaliyobaki anayatumia kwenye chuma hichohicho.