Tangazo la kazi ya Umoja wa Mataifa? Lihakiki kwanza

Ukitumiwa tangazo la kazi ya Umoja wa Mataifa kwenye WhatsApp, usibonyeze kiungo kilichokuja nalo. Fungua mwenyewe careers.un.org, utafute namba ya tangazo lenyewe. Haipo? Achana nalo, hata kama lina nembo ya buluu na mhuri. Nembo yeyote anaweza kuinakili.

Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote: si maombi, si usaili, si mafunzo. Wala hauhitaji taarifa za akaunti ya benki ya mwombaji. Kwa hiyo anayekwambia “tuma kidogo faili lako lisogee” ni tapeli, hata awe na lugha tamu kiasi gani. Inaniuma sana, maana wanaolizwa ni watu wanaotafuta riziki kwa shida.

Barua pepe nazo zisome hadi herufi ya mwisho. Anwani inayoishia na un.org ni tofauti kabisa na inayoishia na “un.org-ajira.com”, hiyo ya pili mwenye tovuti ni mtu mwingine. UNICEF (shirika la Umoja wa Mataifa la watoto) na WHO (la afya) wana kurasa zao za ajira, kwenye unicef.org na who.int, kwa hiyo matangazo yao yatafute huko, si careers.un.org.