Trei ya shawa ya faiba ikipasuka: anza na chini, rangi iwe ya mwisho

Gesti nyingi hapa Mwanza zina trei za faiba bafuni, na malalamiko ninayoyasikia ni yale yale: "Fundi, tulipaka rangi, sasa inabanduka kama ganda la yai." Rangi yenyewe mara nyingi haina kosa. Trei inacheza chini ya miguu, au ilipakwa juu ya silikoni na utando wa sabuni.

1. Ikanyage. Simama katikati, hamishia uzito mguu huu na ule. Ikibonyea au ikilia, ufa usiuguse kwanza, maana utarudi pale pale. Chini kuna uwazi. Kama trei inatoka, ing'oe uilaze upya juu ya mota ya mchanga na saruji. Kama haitoki, toboa tundu dogo upulizie povu la kujazia, lile lisilovimba sana, kidogo kidogo. Kabla ya kupuliza panga ndoo za maji juu ya trei, la sivyo povu litainyanyua.

2. Safisha kabla ya msasa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukipiga msasa juu ya mabaki ya silikoni, unayashindilia kwenye mikwaruzo, na rangi itafanya vishimo vishimo. Kata silikoni yote kwa wembe, sugua kwa sabuni ya unga, suuza, acha ikauke, kisha futa kwa asetoni na kitambaa cheupe, ukikigeuza kila mara. Jipime kwa maji: yakitandaa sawasawa, pamesafika, yakijikusanya matone, rudia.

3. Fungua ufa. Toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia. Uchimbe kwa umbo la V, halafu paruza sentimita 5 kila upande kwa msasa namba 80. Kama maji yalishaingia ndani, washa feni na uache pakauke kabisa, hata kama mteja ana haraka na wageni wake.

4. Unga ufa. Epoksi, gundi ya kuchanganya na kigumisho chake, hushika faiba ya zamani vizuri kuliko resini ya poliesta. Ila amua mapema umalizie na nini: jelikoti (tabaka la juu linalong'aa) ya poliesta juu ya epoksi husumbua kukauka, kwa hiyo ukitaka jelikoti, unga kwa poliesta. Mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa unaenda na poliesta. Kwa epoksi tumia kitambaa cha faiba kilichofumwa. Hadina (kigumisho) ya poliesta ni gramu 1 hadi 2 kwa gramu 100 za resini, na mchana wa jua kali baki karibu na 1. Vaa miwani, hadina hiyo ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Epoksi haina kukisia: fuata kipimo cha kopo, kwani kuongeza hadina hakuharakishi, kunaiacha laini.

Puti ya gari iache gereji. Inanyonya maji.

5. Ua mng'ao. Sawazisha kiraka kwa namba 120, kisha trei nzima kwa 320. Angalia kwa tochi iliyolazwa ubavu: palipobaki pakimeta ndipo patakapobanduka. Futa vumbi, kisha asetoni tena.

6. Paka. Tumia rangi ya makopo mawili, epoksi au poliyurethani, mikono (matabaka) miwili au mitatu myepesi. Rangi za marine, zile zinazopakwa kwenye boti, zinafaa, lakini bei yake mjulishe mteja mapema. Hadina ya poliyurethani ina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu; vaa yenye vichujio vya mvuke, fungua madirisha. Msimu wa mvua usipake jioni, unyevu unafifisha mng'ao. Sehemu ya kukanyaga changanyia unga wa kuzuia utelezi kwenye mkono wa mwisho.

Shawa isifunguliwe mpaka muda ulioandikwa kwenye kopo uishe. Mimi huongeza siku mbili tatu. Silikoni mpya ya bafuni, yenye dawa ya ukungu, ipigwe baada ya hapo.