Waifai Inapogoma Kwenye Laptopu ya Linux

Wengi wanaoniletea laptopu hapa Mkomani, Lamu, huwa wamekwisha kusakinisha Linux upya, na tatizo liko palepale. Tafuta kwanza mahali mnyororo wa mawasiliano ulipokatikia, kisha ndipo urekebishe.

Hatua ya 1. Kabla ya kuandika amri yoyote, ibebe laptopu hadi ilipo ruta. Kuta za mji wa kale ni za matumbawe na chokaa, nene kweli, na mawimbi ya gigahezi 5 hudhoofika humo upesi kuliko yale ya 2.4. Ikiwa laptopu inashika vizuri msanani (ukumbi unaotazama ua) lakini inapoteza mtandao ukiingia ndani, Linux haina kosa: chagua 2.4 au sogeza ruta.

Hatua ya 2. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na uandike `rfkill list`. Ukiona "Soft blocked: yes", yaani waifai imezimwa na programu, amri ya `sudo rfkill unblock wifi` inatosha. Lakini "Hard blocked: yes" ni swichi au kitufe cha laptopu yenyewe, na hakuna amri itakayokifungua. Laptopu moja ya zamani ilinihangaisha tangu adhuhuri hadi alasiri, kumbe swichi ya ubavuni ilikuwa imefunikwa na stika.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Andika `lspci -nnk` na utafute "Network controller". Chini yake panapaswa kuwa na mstari wa "Kernel driver in use". Mstari huo usipokuwepo, kadi ya waifai inaonekana lakini haina draiva, yaani programu ya kuiendesha. Kwa kadi nyingi za Broadcom kwenye Ubuntu, kifurushi kinachohitajika ni `bcmwl-kernel-source`. Kwa kadi za Intel, draiva huwa ipo tayari na kinachokosekana ni fimuwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi: `sudo dmesg | grep -i iwlwifi` ikitoa "failed with error -2", maana yake faili halikupatikana, nalo hutoka katika kifurushi cha `linux-firmware` (kwenye Debian ni `firmware-iwlwifi`). Utauliza utapakuaje bila intaneti. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa ugavi wa intaneti kwenye mipangilio yake, na Linux itaiona kama mtandao wa waya.

Hatua ya 4. Ikiwa waifai imeunganika lakini kurasa hazifunguki, `ip route` itakuonyesha anwani ya ruta baada ya neno "default via". Tumia `ping`, amri ya kupima kama anwani inajibu, kwa anwani hiyo, kisha kwa 1.1.1.1 iliyoko kwenye intaneti, kisha kwa jina la tovuti. Namba ikijibu na jina lisijibu, kasoro iko kwenye DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba za anwani. Katika nyumba za wageni, hata hivyo, usiharakishe kubadilisha DNS, kwa sababu huenda ukurasa wa kuingilia ndio unaokusubiri na DNS yao ndiyo inayokupeleka huko; fungua kwanza tovuti yoyote ya `http` isiyo na usimbaji.

Hatua ya 5. Waifai ikikatika kila laptopu inapotulia, shuku uokoaji wa umeme. Ndani ya `/etc/NetworkManager/conf.d/` unda faili `waifai.conf` lenye mistari miwili:

`[connection]`
`wifi.powersave = 2`

Namba 2 huzima uokoaji huo, 3 huuwasha. Andika `sudo systemctl restart NetworkManager`, kisha iache laptopu bila kuigusa kwa nusu saa kabla ya kuijaribu tena.