Somo: Kuziba mianya ya wizi kwenye idara ya fedha ya halmashauri

Wakuu, somo hili ni la wahasibu na waweka hazina wa halmashauri zetu, Iringa, Njombe hadi Mbeya. Fedha ya zahanati ikiliwa, anayekosa dawa ni mama mjamzito kule kijijini.

Hatua ya 1: Tenganisha majukumu. Anayeandaa hati ya malipo asiwe ndiye anayeikagua wala kuiidhinisha. MUSE (mfumo wa malipo wa serikali) inataka hivyo, lakini haisaidii kitu kama mhasibu mmoja anazo nywila za wenzake. Bosi aliye safarini asimwachie mtu nywila yake, hata kwa malipo ya dharura.

Hatua ya 2: Mashine za POS, zile za kukatia risiti za ushuru. Hapa ndipo penye uozo mkubwa. Msimu wa mpunga Mbarali au viazi Njombe, mkusanya ushuru anashinda getini na fedha taslimu mkononi. Kila risiti aliyokata ni deni lake mpaka apeleke fedha benki kwa kumbukumbu namba, ile namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Basi kila asubuhi toa ripoti ya wadaiwa, uilinganishe na kilichoingia benki. Ukiona mashine haisomeki mtandaoni, usiishie kupiga simu, nenda getini. Mwombe dereva wa Fuso risiti yake, soma tarehe na idadi ya magunia, kisha panda juu ya gari uyahesabu. Ukingoja mwisho wa mwezi, fedha imeshaliwa.

Hatua ya 3: Usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki, ufanyike kila mwezi, na mtu asiyehusika na malipo. Taarifa ya benki isipitie mikononi mwa mlipaji.

Hatua ya 4: Masurufu, yaani fedha anayopewa mtumishi kwa kazi au safari kisha aitolee hesabu. Hajarejesha ya zamani, hapewi mapya. Awe nani.

Hatua ya 5: Likizo. Mhasibu aende, na kazi yake ishikwe na mwingine. Mengi hufichuka hapo.

MASWALI

Mwanachama, Tukuyu: Mkuu wangu ananishinikiza nilipe bila viambatisho. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana. Mwandikie dokezo kwenye faili, taja kinachokosekana, ubaki na nakala. Akishikilia, mwone mkaguzi wa ndani. TAKUKURU nao wapo, namba 113, kupiga ni bure. Usisaini kwa woga, maana sahihi ni yako.

Mwanachama, Mafinga: Kituo chetu cha afya kina mhasibu mmoja tu. Tutatenganishaje?

Jibu: Mhasibu aandae, mganga mfawidhi, yule mkuu wa kituo, aidhinishe, kamati ya kituo ioneshwe taarifa ya benki. Dawa zikifika, mhasibu asipokee. Wapokee wengine, wahesabu boksi kwa boksi, ndipo wasaini.