Opinel namba 8: kukitunza kisu cha kukunja

Visu vya Opinel, vya Savoie, Ufaransa, vipo tangu 1890, na bado havina mambo mengi: bapa (la namba 8 ni sentimita 8.5), mpini wa mti, msumari, pete mbili. Pete ya nje, iliyoongezwa 1955, ndiyo kufuli. Usipoizungusha, bapa laweza kujikunja vidoleni.

Adui ni maji. Mti ukilowa huvimba, bapa likabanwa ndani. Usilivute kwa koleo. Legeza pete, gonga kitako cha mpini kwenye meza, ncha ichomoze. Kisha kausha kivulini, si juani, mti usipasuke.

Bapa la chuma cha kaboni lifute mara tu ukimaliza kukata limau. Weusi unaobaki si kutu, uache. Noa kwa kinoo, kwa pembe ya nyuzi 20 kila upande.