Maji hayapandi tangini? Yapokee chini

Huku Mjini maji ya mfereji yakija huja usiku wa manane, tena kwa kusuasua, na tangi la juu ya paa linabaki kavu. Mwambie fundi bomba aweke tii (kiungo cha njia tatu) kwenye bomba linaloingia nyumbani kabla halijaanza kupanda, aliunganishe na pipa la lita 200 hapo hapo chini, na boya la kufunga likijaa. Kila mita 10 za kupanda zinakula bar 1 ya msukumo. Paa la mita 6 linataka zaidi ya nusu bar, na usiku mwingine hata hiyo haipo. Pipa la chini linapokea hata maji ya kudondoka. Asubuhi, umeme ukiwapo, pampu inayavuta humo na kuyapandisha. Usiifunge pampu kwenye bomba la mtaani, hata kama jirani kafanya hivyo: inavuta hewa, na bomba likiwa na ufa linafyonza uchafu wa mtaroni. (Na jirani wa mbele yako anakosa kabisa.) Mdomo wa boya, pale maji yanapotokea, uwe juu ya maji ya pipa kwa shubiri moja, ukizama, maji yakikatika bomba linaweza kuyanyonya yako yakarudi barabarani. Funika kwa chandarua, maana mbu wa dengi anapenda maji safi yaliyotulia. Kwa wa ghorofani wasio na pahala chini, hili halisaidii. Wala mfereji ukikauka kabisa. Hapo ni kuita gari la maji.